Jina la Kwenye Kona ya Ukuta

Kaka mtu alimfundisha dada yake kuandika jina, na jina alilomfundisha halikuwa la dada. Lilikuwa lake yeye kaka. Dada hakuwahi kukaa darasani, hakujua herufi hata ya dawa, basi akalipokea kama mtu anavyopokea zawadi, akashukuru, na kwa miaka yote ya nguvu zake akaliandika kwa brashi kwenye kona ya kila ukuta alioupaka na kila bango alilolichora. Aliliandika vizuri kuliko kaka mwenyewe. Huo ndio ubaya aliofanyiwa, na umetajwa mapema ili msomaji asije akadhani huko mbele kuna mtu wa kuuawa. Waliokufa ni bibi na baba, na kila mmoja alikufa kwa maradhi yake.

Nyumbani walimwita Masizi. Jina hilo alipewa na mama, kwa sababu tangu alipojua kusimama hapakuwa na sufuria iliyokaa jikoni na masizi yake kamili. Aliyakwangua kwa kidole, akayapaka ukutani, yakawa kitu. Mwanzoni kilikuwa kitu tu. Baadaye kikawa mbuzi, na kila mtu alijua ni mbuzi wa jirani kwa sababu ya sikio lililochanika. Mama alimfuta mbuzi kwa kitambaa, akamchapa mtoto kidogo, akafua kitambaa. Kesho yake mbuzi alirudi, safari hii na kamba shingoni.

Siku moja mama alimwita baba jikoni aje aone maajabu.

"Huyu kuku wako ana miguu mitatu," alimwambia Masizi.

"Anayo miwili," Masizi alijibu. "Huo wa tatu ndio anaotaka kuukanyagia."

Baba aliutazama ule mguu kwa muda. Alikuwa fundi mwashi, mtu wa kupima kwa jicho, na maneno aliyatumia kama saruji aliyoinunua mwenyewe. Kuanzia hapo hakutupa tena mifuko mitupu ya saruji. Aliikung'uta, akaichana ikawa karatasi, akainyoosha kwa kiganja na kuiacha karibu na mlango kama kitu alichokisahau. Masizi alichora upande wa ndani, ule ambao haukuwa na maandishi. Alichora mikono ya baba, ndoo ya baba, baba akiwa amelala mdomo wazi. Baba aliiona ile ya mdomo wazi, akaenda kulala chumba kingine.

Shuleni alikwenda kaka. Si kwamba wazazi walikaa kikao wakaamua kumnyima binti. Walisema tu kwamba yeye ataanza mwakani, maana bibi alikuwa anaumwa miguu na alihitaji mtu wa kumshika mkono kwenda uani. Bibi alijaliwa maisha marefu. Alipofariki, Masizi alikuwa amelizidi dawati kwa kimo, na lile neno mwakani lilikuwa limekwisha kutumika. Hakuna aliyelirudia. Alibaki na picha za bibi, bibi akienda uani, bibi akirudi kutoka uani, nyingi kiasi kwamba mama alizitumia kuwashia moto, na moto uliwaka vizuri.

Kaka alimaliza shule akarudi na mdomo. Tusimwonee, mdomo wenyewe ulikuwa mzuri. Angeweza kumuuzia mtu kivuli chake mwenyewe, na mtu huyo akaomba afungiwe vizuri kisichafuke njiani. Ila kazi ya kuukalisha mdomo huo hakuipata upesi. Alishinda njia panda akipiga soga, mpaka siku aliyomsikia kinyozi wa pale akilalamika kwamba mlango wake hauna picha na wateja wanampita wakidhani ni duka la betri. Kaka akamwambia kuwa yeye ni mchoraji. Kisha akaja nyumbani kumwambia dada yake kwamba wamepata kazi.

"Wewe chora," alisema. "Mimi nitaongea."

Masizi aliona huo ni mgawanyo wa haki. Mbele ya wateja alikuwa anatetemeka, na kaka hakutetemeka mbele ya yeyote. Alichora vichwa vitatu vilivyonyolewa, kila kimoja na mtindo wake, na cha katikati kilifanana na dereva mmoja wa lori hata mkewe akaja kumuuliza kinyozi mumewe anashinda pale kufanya nini. Watu walikuja kumwona dereva, wakabaki kunyolewa. Kutoka kwa kinyozi kaka na dada wakaenda kwa fundi cherehani, kutoka kwa cherehani wakaenda kwa muuza magodoro, na kaka akanunua ngazi.

Maandishi waliyafanya hivi. Kaka aliandika maneno ukutani kwa chaki, Masizi akafuata kwa rangi. Hakujua yanasema nini, lakini kila herufi aliipa jina lake. Kulikuwa na sufuria, kulikuwa na kiti, kulikuwa na milima miwili, kulikuwa na mnyoo aliyegeuka. Mwandiko wa kaka uliyumba kama mtu aliyetoka harusini, na Masizi aliunyoosha. Mikononi mwake herufi zilisimama wima, zimeoga, zimechana nywele. Watu walisimama barabarani kusoma neno Magodoro kana kwamba ni habari mpya.

Ndipo kaka akaja na jambo la jina. Alisema kila fundi wa maana huandika jina lake kwenye kona, na kwamba haipendezi dada yake afanye kazi kubwa namna ile na asijulikane.

"Njoo nikufundishe jina lako, dada yangu. Usipite tu duniani kama upepo."

Akaliandika kwa chaki kwenye mlango wa stoo. Masizi aliingia jikoni, akalia kidogo, akanawa uso, akatoka kujifunza. Aliliandika kwenye unga kabla ya kutia maji. Aliliandika kwenye vumbi la kabati, na ndio maana kabati halikupanguswa kwa muda mrefu. Alipolishika, akaliongezea urembo wa kwake mwenyewe, mkia mdogo kwenye herufi ya mwisho, uliopinda kuelekea juu. Kaka aliutazama ule mkia akasema unapendeza. Na kweli ulimpendeza, kwa kuwa hata yeye akaanza kuutia kwenye sahihi yake.

Basi mambo yakaenda hivyo. Masizi juu ya ngazi, kaka chini ameishika kwa mkono mmoja, mwingine mfukoni, akiwaeleza wapita njia kinachochorwa. Walimwita kaka Fundi. Masizi walimwita msaidizi wa Fundi, na wengine hawakumwita chochote, waliuliza tu kama rangi imekauka. Halikumchoma sana. Alijiambia kwamba watu waite wanavyotaka, jina lake liko pale kwenye kona na atakayetaka ukweli atausoma. Hilo ndilo lililomlisha. Alipata kuolewa, ndoa haikukaa, akarudi na brashi zake kwenye chumba cha uani cha kaka. Hata siku za mashaka yake alikuwa akipita mbele ya duka fulani, anatupa jicho kwenye kona, anajiona, anaendelea na safari.

Baba alipofariki, mama naye alihamia kwa kaka. Mama hakujua kusoma, lakini alipenda kuulizia kona zinasema nini, na watu walimwambia. Akawa na desturi ya kuwatembeza wageni mitaani kuwaonyesha kuta. "Huo ni mkono wa mwanangu," alikuwa akisema, na hapo lugha yetu ikatoa mchango wake, kwa sababu mwana ni mwana, haisemi wa kike wala wa kiume. Masizi alikuwa amesimama kando ameshika kapu. Kila mama aliposema mwanangu, aliinamisha macho kwa haya, kama inavyompasa mtu anayesifiwa na mzazi wake mbele za wageni. Mama alidhani ana usingizi.

Aliyejua yote alikuwa wifi, mke wa kaka. Wifi alijua kusoma na alisoma kila kitu, mpaka magazeti ya kufungia sabuni. Siku moja alisimama chini ya ngazi akimtazama Masizi anavyoumalizia ule mkia.

"Wifi, jina hilo unaliandika vizuri sana," alisema, akacheka peke yake.

Masizi alimshukuru.

Kazi iliyofumua mshono ilikuwa ya shule ya chekechea. Ukuta wa uwanja ulitakiwa uwe na wanyama wanaofuatana, kila mmoja na jina lake chini. Kaka alikuja mara ya kwanza, akaongea, akaandika majina kwa chaki, akaondoka kutafuta kazi nyingine. Watoto wa pale ndio kwanza walikuwa wamejua kuunganisha silabi, na mtoto wa namna hiyo hasomi kwa sababu anahitaji, anasoma kwa sababu kuna kitu mbele yake. Walisoma makopo ya rangi. Walisoma fulana ya mlinzi, mbele na nyuma, mpaka mlinzi akavaa koti. Masizi alipomaliza mkia wa mamba alishuka, akachukua brashi nyembamba, akaandika jina kwenye kona. Watoto wakasogea, wakalivamia silabi kwa silabi kwa sauti moja, na jina lililotoka lilikuwa la kaka yake.

Masizi alitabasamu. Akawaambia warudie, polepole, bila haraka. Wakarudia, likatoka lile lile. Akamvuta mwalimu wao pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini, ili wasiaibike, kwamba watoto ni wazuri lakini kusoma bado.

"Wamesoma sawa, mama," mwalimu alisema.

"Hilo ni jina langu."

Mwalimu aliitazama kona, akamtazama yeye. "Kwani wewe unaitwa nani?"

Masizi akamtajia, si lile la masizi, lile alilopewa alipozaliwa. Mwalimu akaokota chaki, akaliandika chini ya lile la rangi. Hayakufanana hata kwa bahati mbaya. La chaki lilikuwa na kiti katikati na sufuria mwishoni. La rangi halikuwa na kiti popote. Watoto wakalisoma na hilo pia, hawakuchagua.

Hakupiga kelele wala hakuketi chini. Aliosha brashi kwanza, kwa sababu brashi ikikauka na rangi yake haifai tena. Kisha akarudi nyumbani kwa njia ile ile ya kila siku, na njia ile ilikuwa na duka la magodoro, na kinyozi, na cherehani, na duka la dawa, na kwenye kila kona alikuwepo kaka, amesimama wima, ameoga, na mkia umepinda juu.

Alimkuta kaka sebuleni pamoja na mama na wifi. Hakusalimia. Aliuliza jina alilofundishwa ni la nani.

Kaka aliomba maji. Alikunywa yote, akaweka glasi chini. "La kwetu," alisema.

"La kwetu nani?"

"La biashara, dada. Sisi si damu moja? Mteja akiona jina la mwanamke, kitu cha kwanza atauliza mwanaume yuko wapi. Mimi nimekukinga."

Wifi aliinuka kwenda kuangalia sufuria. Hapakuwa na sufuria motoni.

"Basi mwambie mama," Masizi alisema. "Huyo hapo. Mwambie nani anachora."

Kaka alimgeukia mama. Mtu aliyeweza kuuza kivuli alihangaika kuitafuta sentensi. "Mama, tunachora wote," alisema mwishowe. "Mimi nabuni, huyu anapaka."

"Si kweli," Masizi alisema.

Mama alimtazama binti yake kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgonjwa anayekataa uji. "Masizi, kaka yako amekupa chumba. Amekushikia ngazi mpaka bega limepinda. Sasa unataka avue na ngozi akupe?"

Pale dirishani palikuwa na kipande cha chaki. Ingekuwa rahisi kumwambia kaka achore mbuzi, hapo hapo sakafuni, mama aone, na wote wangecheka. Masizi aliliwaza hilo akaliacha. Mbuzi angeonyesha tu kwamba kaka hajui kuchora, na hilo Masizi alilijua tangu zamani. Alitaka kaka aseme mwenyewe, kwa ule mdomo wake mzuri, mama akiwa anasikia. Akangoja. Kaka akaomba maji mengine.

Masizi alihama. Alipanga chumba nyuma ya karakana ya kuziba tairi, akabeba brashi na kopo moja la rangi nyeusi. Ngazi ilibaki kwa mwenye bega. Akaanza kujitafutia kazi mwenyewe, yaani akaanza kuongea, na kutetemeka kule kungali palepale. Wateja wa zamani walimwambia amwite Fundi aje mwenyewe. Fundi cherehani alikuwa na roho nzuri zaidi, alikubali kutazama picha moja ya gauni iliyochorwa kwa majaribio. Alilitazama gauni lile, mikunjo yake, kivuli chini ya ukanda.

"Umemwiga vizuri kaka yako," alimwambia. "Karibu umfikie."

Wa kwanza kumpa kazi alikuwa mwenye bucha mmoja aliyekuwa amegombana na kaka, kwa hiyo hakumpa kwa kumpenda. Alimwandikia maneno kwenye karatasi ya kufungia nyama, akaendelea na wateja. Masizi hakuwa tena na mtu wa kumwandikia kwa chaki, basi akainakili karatasi ile ukutani kama ilivyo, kwa uaminifu wote, hakuongeza wala hakupunguza. Mwenye bucha alipotoka nje alisimama.

"Hili neno hapa nililifuta," alisema.

"Nimeona," Masizi alijibu. "Na mimi nimelifuta."

Kweli alikuwa amelifuta. Aliliandika kwanza, herufi nzuri zenye kivuli, kisha akalipitishia mstari, nao mstari ulikuwa na kivuli chake.

"Na hili tone?"

"Hilo umeliweka wewe."

Mwenye bucha alitaka tangazo lifutwe lote. Lakini watu walikuwa wameshaanza kusimama, mmoja anamwonyesha mwenzake lile tone la damu lililochorwa hata ukadhani bado linateremka. Waliosimama kucheka waliondoka na nyama. Mwenye bucha akasema basi, liache. Mwezi haukuisha, mwenye saluni akaja kumtafuta Masizi, naye anataka bango lenye neno lililofutwa. Kisha fundi viatu. Huyo aliomba afanyiwe makosa mawili.

Jioni jioni alirudi kule chekechea. Mwalimu alikuwa amemwambia aje ajifunze jina, naye akakaa kwenye kiti cha watoto, magoti yakigusa kidevu. Watoto walimsahihisha bila huruma yoyote. Alipolishika jina lake aliliandika kwanza kwenye kona ya ukuta wa bucha. Halikuwa na mkia. Mkia alikuwa ameshauacha mahali pengine.

Kazi zikaja. Si nyingi za kutisha, ila za kutosha kula na kununua ngazi ya kwake, ambayo haikushikwa na mtu, aliiegemeza kwenye jiwe. Wateja walimsifu. Walisoma jina kwenye kona wakamuuliza kama yeye ni mwanafunzi wa yule Fundi, maana mkono ni ule ule. Alipowaambia ukweli walitikisa kichwa kwa heshima, kama watu wasiotaka kuingilia ugomvi wa ndugu, wakasema kaka yake amemwachia fani nzuri.

Kaka naye aliajiri kijana mmoja ambaye ng'ombe wake walifanana na kabati. Wateja walishangaa, wakauliza mkono wa Fundi umepatwa na nini. Kaka hakusema kwamba mkono umehamia nyuma ya karakana ya tairi. Alinunua miwani. Akawa anaivaa kazini, anakaribia ukuta, anarudi nyuma, anafikicha jicho, anapumua. Watu wakaelewa. Wakamhurumia, na wengine waliendelea kumpa kazi kwa ajili hiyo hiyo, wakaishi na ng'ombe wale milangoni mwao.

Mama aliyachukua yale macho kama msiba. Alitoka kwa kaka, akaja mpaka kule kwenye matairi, mzee yule, akaketi kwenye kitanda cha Masizi bila kuvua mtandio. Kaka alikuwa amemleta, akabaki kusimama mlangoni amevaa miwani.

"Mwanangu, kaka yako haoni," mama alisema. "Ule mkono wake unapotea. Nenda kamsaidie kama zamani, umpakie pakie tu, yeye akuelekeze."

Masizi alimtazama kaka mlangoni. Kaka alimtazama Masizi, akiwa anamwona vizuri kabisa.

"Mama, huyu anaona," Masizi alisema.

"Nini?"

"Anaona."

Mama alitikisa kichwa polepole. Alisema hakujua kama alizaa mtoto mwenye moyo wa namna hiyo, akainuka, na kaka akamshika mkono kumtoa nje, kwa adabu sana, akimwambia aangalie kizingiti. Kuanzia siku hiyo mama akiwatembeza wageni mitaani bado anawaonyesha kuta, na akifika kwenye bucha anavuka barabara.

Zile kona za zamani Masizi hazidai tena. Mvua inazila, na wenye maduka wanapaka upya. Anachodaiwa kaka ni sentensi moja, ile ile aliyoikosa sebuleni, nayo haina maneno mengi: aketi mbele ya mama aseme kuta zile ni za Masizi, tangu ya kwanza. Wifi, aliyekuwa akisoma siku zote, anadaiwa hiyo hiyo, na akitaka kumtangulia mumewe hatakatazwa. Ila yeyote atakayeisema, aiseme kwa sauti na airudie, kwa sababu mama sasa hasikii vizuri. Sikio la kulia limeacha kazi kabisa, na la kushoto nalo limeanza kuomba ruhusa.